Kwa Fundi Mafuta, Baba Aliyejua Kuacha

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipoinamia cherehani ya mteja ukalaza paji la uso juu ya meza, nasi tukadhani umesinzia. Mama alipokuja kukuita kula aliita mara moja, akaita tena, halafu tukasikia bakuli limeanguka sakafuni. Tulikukimbiza hospitali, ukalala huko siku chache, kisha ukatutoka. Tukakukabidhi kwa moto kama imani yetu ya Kihindu inavyotaka, mwanao mkubwa akauwasha, na sote tukarudi kwenye nyumba inayonuka mafuta ya cherehani.

Hatukupanga kuandika marefu. Kwenye kumbukumbu za mwaka watu huandika maneno mawili matatu, wakaweka na picha, basi. Lakini kuna mambo yametokea, na tulipokaa kuandika tulibishana mpaka Shangazi akapiga meza akasema, "Andikeni yote au msiandike kabisa. Marehemu hasemwi vibaya, sawa, lakini hata uongo haumfai." Basi tunaandika yote, Baba, na wengine wetu tunaandika tumenuna.

Tuanze na mazuri, maana yapo, tena tele. Mtaani walikuita Fundi Mafuta kwa sababu hata ukioga ukavaa shati lako jeupe la ibada, harufu ya mafuta ilitangulia kuingia mlangoni kabla yako. Hukuwa na papara. Cherehani ikiletwa, kwanza uliiwekea sikio ubavuni, ukazungusha gurudumu polepole kwa kidole kimoja, ukasema, "Hii inakohoa," au, "Hii haina ugonjwa, ina hasira." Mteja akija na mashine aliyojaribu kuifungua mwenyewe, skrubu zimejaa kwenye mfuko wa plastiki, ulimwuliza, "Umeileta kwa daktari au kwa mchimba kaburi?" Akicheka, ulijua atasubiri bila kulalamika.

Yule mjane wa kona ya pili, anayeshona sare za shule, bado anakutaja. Mashine yake ilipokwama wiki ya kufungua shule, uliitengeneza ukaibeba begani mwenyewe mpaka kwake, ukaketi kwenye kizingiti chake mpaka ukaona mshono wa kwanza umetoka sawasawa. Alitaka kukulipa ukamwambia akupe maji ya kunywa. Sisi watoto tuliona, na tulijivuna kuitwa wana wa Fundi Mafuta.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma kilikuwa cha ibada. Kila asubuhi kabla hujagusa bisibisi uliwasha taa ya utambi mbele ya picha ya Mwalimu wako wa kiroho, ukaivisha koja la maua, ukainama mpaka paji likagusa sakafu. Ukiinuka, tulikuwa tumeshapanga foleni mlangoni, wanao watatu. Tuligusa miguu yako mmoja mmoja, na wewe ukatuwekea mkono kichwani. Ulitufundisha kwamba Mungu humjia mtoto kwanza kwa sura ya mzazi, halafu kwa sura ya mwalimu, na anayemdharau mmoja wao asimtafute Mungu mahali pengine. Mkono wako ulikuwa mzito na daima una grisi kidogo, na tulikwenda shule na alama yake kwenye nywele.

Mwalimu alikuwa kwako kila kitu. Tulimwogopa kidogo, tukampenda kidogo, kama watoto wanavyompenda mtu ambaye baba yao humnyamazia. Alifundisha kwamba mtu hafungwi na adui zake, hufungwa na vipenzi vyake: nyumba, jina, tumbo, watoto. Vyote umeazimwa, alisema, shika lakini usikaze ngumi. Nawe ukija nyumbani ulitugeuzia maneno yake kwa lugha yako: "Dunia ni mapito, wanangu, na mpita njia habebi kabati." Mama akakujibu kutoka jikoni, "Na wewe mpita njia, chai utakunywa au niimwage?" Ulikunywa, Baba. Mwanzoni ulikunywa na sukari.

Lazima tueleze habari ya sukari, kwa sababu wasomaji wengine si wa imani yetu. Mara moja kwa mwaka, siku ya kumheshimu Mwalimu, wanafunzi wake wote walikusanyika ukumbini. Kila mmoja akagusa miguu yake, kisha akamnong'oneza sikioni kitu kimoja anachokipenda, na tangu siku hiyo akakiacha moja kwa moja. Hakumwambia mtu mwingine, si mke, si mama mzazi. Mwalimu naye hakumwambia mtu.

Nyumbani tuliufanya mchezo wa kubahatisha. Mwaka wa sukari tuligundua siku hiyohiyo. Mwaka wa ugoro tuligundua kwa sababu ulikuwa mkali wiki nzima. Ukaacha mto, ukawa unalala shingo juu ya mkono. Ukaacha kusikiliza mpira kwenye redio, na mechi kubwa zikichezwa ulitoka ukaenda kutembea ili usisikie majirani wakishangilia. Mama akasema, "Huyu mwaka ujao ataacha suruali," na wewe ukacheka mpaka ukakohoa. Ulijua kuacha, Baba. Hakuna mwanafunzi aliyejua kuacha kama wewe.

Na kuna jambo lingine wasomaji walijue. Mwalimu alikuwa na tabia ya kupima watu. Wanafunzi wote walisimulia habari ya mfinyanzi mmoja aliyeambiwa, "Nenda zako, usirudi hapa." Mfinyanzi hakwenda. Alikaa nje ya ukumbi kwenye mvua mpaka Mwalimu akatoka akamkumbatia mbele ya watu wote, akasema huyu ndiye mwanafunzi. Basi ninyi mkajifunza hivyo: Mwalimu akisema ndiyo, shukuru, akisema hapana, kaza. Ulitusimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara ulirudia tena pale pa kukumbatiwa.

Sasa tufike kwa Bobini.

Bobini ni binti yako, kitindamimba. Ulimpa jina la kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano, maana ulisema hakionekani lakini bila hicho mshono haushiki. Alijifunza kutembea ameshika miguu ya meza ya cherehani. Alikushikia tochi ukiwa umelala chali chini ya mashine, na ukimwambia, "Kushoto kidogo, mwanangu," alijua kushoto kwako si kushoto kwake. Asubuhi, kwenye foleni yetu, mkono wako ulikaa kichwani mwake zaidi kuliko kichwani mwetu. Tuliona, wala hatukuwa na wivu. Haya, tulikuwa nao kidogo.

Alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Siku ya Mwalimu ilipita kama miaka mingine, ukarudi jioni macho mekundu, hukula. Kesho yake tukapanga foleni. Mkubwa, mkono kichwani. Wa pili, mkono kichwani. Bobini akainama, na kabla vidole vyake havijafika ukarudisha mguu nyuma, ukasema kuna mkanda wa mashine unataka kukatwa, ukaenda zako mbele. Yeye akabaki ameinama, viganja juu ya sakafu tupu.

Alidhani hukumwona. Siku ya pili ukafanya vilevile. Siku ya tatu alinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kuja, akidhani labda inanuka. Ukarudisha mguu tena. Hakuja tena kwenye foleni, na hukuuliza kwa nini.

Jina nalo likafa. Ukawa unasema "yule" au "mdogo wenu." Alipokuja na tochi ulimwambia utaishika mwenyewe, ukaing'ata kwa meno. Mtoto akaanza kutafuta kosa lake. Akakumbuka sindano ya mteja aliyoivunja akaificha, akaja kukuungamia huku analia, nawe ukasema, "Haidhuru," bila kuinua macho. Afadhali ungempiga, alituambia mwaka huu. Kipigo kina mwisho.

Mama alikuuliza, "Mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi kuna nini?"

"Mama watoto, niachie ibada yangu."

Mama akajiambia kwamba binti anakua, labda baba anaona haya, mambo ya wazazi wa kiume hayo. Nasi mwaka ule kwenye mchezo wetu hatukubahatisha kitu. Tulionja chai yako, tukatazama kitanda chako, tukasema safari hii kaacha kitu kidogo. Tulicheka, Baba. Bobini naye alikuwepo, na alicheka ili aonekane mmoja wetu.

Akakua. Akaajiriwa kiwanda cha nguo, mstari wa dirishani, na mikono yake ni ile uliyoifunza. Siku moja mashine za mstari mzima zikaharibika, mkuu wa zamu akasema aitwe fundi bora mjini. Ukaja na sanduku lako. Bobini alipokuona alisimama mwenyewe, mkasi mkononi, maana alifikiri mbele ya watu utamsalimia tu, hata kwa ajili ya adabu. Ulitengeneza mashine moja baada ya nyingine. Ulipofika kwenye yake ukairuka. "Hiyo atakuja mwingine," ukamwambia mkuu wa zamu, ukahamia ya pili. Wenzake wakatazama chini. Mmoja alimwuliza wakati wa chakula, "Kwani huyo mzee mna kesi naye?" Akajibu, "Simjui." Alilikumbuka jibu hilo kwa muda mrefu, akaogopa amekukana.

Harusini uliuweka mkono wake ndani ya mkono wa mumewe kama inavyotakiwa, lakini macho yako yalikuwa kwenye moto wa ibada. Mjukuu alipozaliwa ulimbeba, ukamchezea, ukamwita majina mia. Bobini alikaa chumba cha pili akisikiliza, akajua kwamba hukukauka. Ni yeye tu uliyemkaukia.

Na hospitali tunaisemaje? Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, nyuzi zimemganda kwenye nguo. Akaomba maji ya vuguvugu na kitambaa, akakuosha miguu. Safari hiyo miguu haikuweza kurudi nyuma. Akaosha kidole kwa kidole, akaikausha, akaishika, halafu akasema, "Baba, nilikukosea nini? Niambie tu. Sitabisha, nitaomba radhi." Midomo yako ikacheza. Akainama akaweka sikio kama wewe ulivyokuwa unaziwekea mashine. Ulikuwa unataja jina la Mwalimu. Akasubiri uendelee, ukataja jina la Mwalimu tena, na macho yako yalikuwa yanatoka machozi hadi masikioni, ukautazama ukuta. Jioni ile ukafa.

Baada ya moto hakuja tena nyumbani. Tulimwita kwa ibada ya siku ya kumi na mbili, hakuja. Tulimwita kwa dua ya kila mwezi, akaleta maua mlangoni akaondoka. Mwaka ulipokaribia kutimia, mwanao mkubwa alimpigia simu amwambie tunaandika kumbukumbu, majina ya wanaokukumbuka yanapangwa. Akamjibu, "Niandikeni jirani."

Kaka mkubwa akakasirika, unamjua. "Kufa kwa mzazi hakuna nongwa."

"Nani ana nongwa? Jirani pia humkumbuka mtu."

Shangazi akamnyang'anya simu. Akamweleza jambo ambalo na sisi tulikuwa hatulijui: kwamba kila ulipokwenda kwake, kabla hata hujaketi, uliuliza, "Yule wa kiwandani hajambo?" Ukataka yote. Anakula vizuri? Kile kikohozi kimeisha? Mumewe anamheshimu? Shangazi akikuambia, "Si umwite umwulize mwenyewe," uligeuza uso kama umetukanwa.

Bobini akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo alikuwa ananijulia hali kama mgonjwa wa wodi nyingine. Shangazi, mtu anayekuchukia haulizi hivyo. Anayekupenda hafanyi vile. Mimi nitafanya nini na mtu wa namna hiyo?" Na akaongeza, "Anayejua ni mmoja." Kesho yake, siku yake ya mapumziko, alikwenda ukumbini kwa Mwalimu.

Haya yaliyofuata tunayaandika kama alivyotusimulia mwenyewe, neno kwa neno kadiri tulivyoweza.

Mlangoni alikuwepo yule mama anayetunga makoja ya maua. Akamwambia kuwa Mwalimu amepumzika, haonani na mtu, na kwanza avue viatu. "Viatu nimevua, mama," akasema Bobini. "Unataka nivue na ngozi?" Yule mama akafungua mdomo, akamtazama usoni, akampisha.

Mwalimu amezeeka, Baba. Chumba chake kina kitanda kimoja, kiti cha plastiki na dirisha linalotazama ukuta. Alikuwa ameketi kitandani, miguu iliyovimba imetumbukizwa kwenye beseni la maji ya chumvi, miguu ileile uliyoigusa kwa paji la uso miaka yote. Bobini hakuinama. Alisimama karibu na kiti, mkoba begani.

"Wewe ni binti wa Fundi," Mwalimu akasema.

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Kaa."

"Sikai. Nina swali moja, Babu. Nilimkosea nini baba yangu?"

Mwalimu akayatazama maji. Akasema wanafunzi hunong'ona, yeye husikia, na kinywa chake amekifunga. Hiyo ndiyo ahadi.

"Aliyenong'ona ni majivu," akasema Bobini. "Hana haja na ahadi yako. Mwenye haja ni mimi."

Mzee akasogeza miguu ndani ya maji. Kisha akasema, "Hukumkosea kitu. Alikutoa wewe."

Bobini hakuelewa. Akafikiri mzee amechanganyikiwa. Mwalimu akainua macho akamweleza polepole, kama mtu anayetema mwiba. Kwamba mwaka ule ulipiga magoti ukamnong'oneza, "Mwalimu, vyote nilivyoacha vilikuwa vidogo. Kilichonifunga hasa ni binti yangu. Nikifunga macho kusali, namwona yeye. Mwaka huu namwacha yeye."

"Nikamwambia hapana," Mwalimu akasema. "Nilimwambia wazi. Mtoto si ugoro, Fundi. Nenda kaache kitu kingine. Akanitazama, akatabasamu, akagusa miguu yangu. Nikadhani amenielewa."

"Na hakukuelewa."

"Alielewa alivyozoea kuelewa. Alidhani nampima."

Bobini akaketi, Baba. Akauliza, na Mwalimu aligundua lini? Mzee akasema aligundua harusini, alipoona macho yako kwenye moto. Akakuita pembeni akakuambia, "Fundi, mkumbatie mwanao. Ni agizo." Nawe ukamjibu kwa furaha kabisa, machozi yakikutoka, "Mwalimu, bado unanipima? Sijashindwa. Sitashindwa."

"Kwa nini hukumshika mabega ukamtikisa?" Bobini aliuliza. Sauti ilikuwa imeanza kumpanda. "Kwa nini hukuja nyumbani? Kwa nini hukumwambia mama yangu? Maneno yako alikuwa anayabeba kama mayai. Ungesema mara tatu, mara kumi, mbele ya watu!"

Hapo Mwalimu akasema jambo ambalo limetugawa humu ndani mpaka leo. Alisema, "Kwa sababu niliona fahari. Wanafunzi wengi huacha vitu wanavyoviokota tena mlangoni. Yeye alikuwa ameacha kweli. Nilijiambia, kosa ni lake, lakini tazama moyo wa huyu mtu, na ni mwanafunzi wangu. Mimi niliyewafundisha watu wasikaze ngumi, nilimkazia yeye." Akajaribu kuinuka, maji yakamwagika nje ya beseni. Alitaka kuinama kugusa miguu ya Bobini.

Bobini akarudisha miguu chini ya kiti. "Usifanye hivyo, Babu," akamwambia. "Tumetosheka na kuinama." Akaokota kitambaa, akafuta maji yaliyomwagika ili mzee asiteleze, maana umemlea vizuri, akachukua mkoba wake akatoka.

Alikuja moja kwa moja nyumbani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti chetu tangu moto. Alitusimulia akiwa amesimama karakana, mkono juu ya meza yako, hakulia. Mama ndiye aliyelia, tena si kilio cha kawaida, ni kilio cha mtu aliyeibiwa akiwa ndani ya nyumba. "Nililala naye kitanda kimoja," alikuwa anasema. "Kitanda kimoja, na sikujua mtu wangu kamtoa mwanangu sadaka." Kisha akaenda chumba cha nyuma, akalivua koja kwenye picha ya Mwalimu, akalitupa nje pamoja na maganda ya vitunguu.

Kaka mkubwa akasema Mama amekosea, Mwalimu ni Mwalimu, na alikataza. Tena alikataza mara mbili, mzee afanyeje? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Baba hakusikia. Wa pili akamjibu kwamba mkuu mwenyewe ndiye aliyewazoesha watu kulisikia neno lake kinyume, kwa hiyo guu lililovunjika ni lake pia. Wakapandishiana sauti. Shangazi akalia kivyake jikoni, anasema laiti angekuburuta kwa sikio mpaka kwa mwanao, maana wewe ni mdogo wake na sikio lako alilizoea. Picha ipo bado ukutani bila maua. Kaka mkubwa huwasha taa asubuhi, Mama hupita bila kugeuka. Siku ya Mwalimu ya mwaka huu tulikwenda nusu yetu.

Bobini alisikiliza ugomvi wote. Mwishowe akasema, "Mnagombana kama vile mtapata jibu la kumrudisha. Mimi nilikuwa namtaka baba, siwataki nyie muwe mahakimu." Akasema tangu alipotoka ukumbini ana maumivu mawili badala ya moja. Zamani alijua hapendwi, akajizoesha, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Sasa anajua alipendwa kuliko sukari, kuliko mto, kuliko mpira, kuliko sisi sote, na kwamba kila ulipomwona ulikuwa unashinda vita. "Ningejua," akasema, "siku ile kiwandani ningemshika mguu nikakataa kuuachia mpaka polisi waje."

Shangazi, ambaye hawezi kukaa na huzuni bila kuikwaruza, akasema, "Na wangekuja, na angewatengenezea cherehani zao." Tukacheka, Baba. Mama naye akacheka, halafu akalia upya. Tulicheka vibaya, lakini tulicheka pamoja, na Bobini alikuwa katikati yetu.

Tunajua wapo watakaosoma hapa wakasema ulikuwa mtakatifu. Wengine watasema ulikuwa mjinga. Nyumbani kwako tunasema yote mawili, kutegemea na siku. Tunachokuomba, kama huko uliko mtu huombwa kitu, ni kwamba usiendelee kujivunia jambo lile. Mwanao aliumia. Aliumia kila asubuhi, na hakuna Mungu aliyekula hayo maumivu akashiba.

Mashine zako tumeziacha mahali pake. Wateja wawili watatu bado huja, tunawaambia fundi hayupo. Yule mjane wa sare huja kuketi kizingitini siku nyingine, anakunywa maji anaondoka.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye amerudi kuweka sukari kwenye kikombe chako na kukimwaga kila jioni, dada yako mkubwa, wanao wa kiume wawili na wake zao, mkweo, wajukuu zako wote, mafundi wenzako, na mafundi cherehani wa mtaa mzima.

Na binti yako. Si jirani. Tulipomsomea maandishi haya alikubali yote, ila mwishoni, pale ambapo familia nyingine huahidi kwamba hawatakusahau kamwe, akasema pale pasiwe petu, pawe pake peke yake. Tumempa. Haya ndiyo maneno yake:

"Baba, bado sijakusamehe. Watu wananishauri nikuache sasa, nipumzike, dunia ni mapito. Wewe uliweza kuniacha. Mimi nimejaribu mwaka mzima, siwezi, na sitajaribu tena. Sikuachi."